Baba Aliyekuja Kuvisha Kiatu

Gauni lile nililishona mimi, kwenye cherehani yangu iliyo karibu na dirisha la jikoni hapa Upplands Väsby, huku Uswidi, na tangu nilipotia mkasi kwenye kitambaa nilikuwa na hasira. Kitambaa chenyewe hakikuwa na kosa. Kilikuwa cha rangi ya waridi iliyofifia, laini, kinateleza mkononi. Hasira yangu ilikuwa kwa mwanamume mmoja ambaye wala si mume wangu. Mpaka leo nikimkumbuka alivyopiga goti mbele za watu, suti nyeupe, kipaza sauti mkononi, nasukuma sahani pembeni.

Nianze na mkewe, maana bila mkewe nisingemjua. Tunafanya kazi pamoja katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, upande wa Märsta. Tunasafisha vyumba. Yeye ni Mkolombia, mimi ni Mkongomani wa Bukavu, na lugha inayotukutanisha ni Kiswidi cha kuungaunga ambacho kila mmoja wetu anadhani chake ndicho bora. Huniita comadre, neno lao la wanawake waliobatiziana watoto, ingawa sisi hatujabatiziana mtu. Nami nikaanza kumwita hivyo hivyo, na sasa hata msimamizi wetu hajui comadre ni yupi kati yetu.

Tuna utaratibu wetu. Vyumba tunavifanya pamoja, yeye bafuni, mimi kitandani, na simu ya mmoja wetu tunaitumbukiza kwenye glasi ya mswaki ili sauti itoke kubwa. Chumba hiki nyimbo zake, kinachofuata nyimbo zangu. Na mwenye wimbo akiulizwa unasema nini, hana budi kutafsiri. Sheria hiyo niliileta mimi. Mwanzoni nilikuwa natandika shuka huku nacheza tu, kwa sababu muziki wao unajua kumvuta mtu. Mdundo wake na rumba yetu ni ndugu wa tumbo moja, na baba yangu alikuwa na santuri za watu wa kule kabla sijazaliwa. Kisha siku moja nikauliza.

Heri nisingeuliza. Yule kijana mwenye sauti ya asali alikuwa anamwambia msichana kwamba anapokataa ni kwa sababu hajui anachotaka, na yeye ndiye atakayemjulisha. Wimbo wa pili ulikuwa wa mtu anayejisifu kwamba ana mmoja nyumbani wa kumfulia na wengine mjini wa kumfurahisha. Wa tatu, ule wa taratibu, wa gitaa la kulia, ambao niliupenda kuliko yote na nilishaufanya mlio wa simu yangu, ulikuwa wa mwanamume aliyeachwa. Anaapa kwamba asipompata yeye, basi hakuna mwingine atakayempata. Nilibaki nimeshika foronya. Niliitazama simu ndani ya glasi nikaona kama kuna mende humo.

"Anatishia kumuua?" nikamwuliza.

Comadre akatoa kichwa bafuni, glavu zinachuruzika maji. "Anampenda," akasema. Kisha akacheka kwa jinsi nilivyokunja uso. "Comadre, ni wimbo tu."

Ni wimbo tu. Maneno hayo aliniambia mara nyingi sana mwaka ule. Mimi namwambia hawa watu wanaimba uchafu, yeye ananijibu ni wimbo tu, na mop yake inaendelea kuteleza juu ya vigae kwa mdundo ule ule.

Tatizo ni kwamba wimbo ulikuwa umehamia nyumbani kwake. Mumewe ni DJ, na karibu kila ubatizo na kila harusi ya Walatino, watu wa Amerika ya Kusini, upande ule wa mji yeye ndiye huleta spika. Akitaka hulala kwa mkewe Vällingby. Asipotaka hulala Märsta, kwa mwanamke mwingine aliyemzalia mtoto. Kila mtu anajua, na kila mtu humpigia makofi akishika kipaza sauti. Akirudi kwa mkewe hunusa nywele zake kama mbwa wa forodha. Mara nyingine alikuwa akija mlango wa nyuma wa hoteli tunapotoka zamu. Hakuja kumchukua mkewe, alikuja kuona anatoka na nani. Akituona ni sisi wawili tu, alikuwa ananiinamia na kunibusu mkono, mwanamume mstaarabu. Nilikuwa nikifika nyumbani nauosha mkono ule kwa sabuni ya vyombo.

Wana mtoto mmoja, binti, na ndiye aliyekuwa anatimiza miaka kumi na mitano. Kwao huo ni umri mkubwa, una sherehe yake, wanaiita quince. Binti huvaa gauni pana kama la bibi harusi na kuketi kwenye kiti kilichopambwa. Baba hupiga goti, humvua viatu vya kitoto visivyo na kisigino, humvisha vya kisigino kirefu, kisha humwinua wakacheza walsi, dansi ya kuzunguka taratibu, huku watu wakifuta machozi. Desturi yenyewe si mbaya. Nilipoelezwa mara ya kwanza hata mimi machozi yalinilengalenga. Inategemea tu ni nani anayepiga goti.

Binti alikuja kwangu mwenyewe kupimwa. Ni msichana mwembamba, mkimya ukimwona mara ya kwanza, anazungumza Kiswidi cha haraka cha watoto waliosomea hapa. Mama yake amemfundisha kuniita jina la kwao la mama mdogo. Nilipokuwa nimepiga magoti nabana pindo kwa pini, akanionyesha video kwenye simu. Yeye na wasichana wenzake, wote wa wazazi wa kutoka huko, wana kikundi cha ngoma. Wamechukua midundo ile ile ya nyimbo za kina baba zao na maneno wakayageuza. Sasa anayeimba ni msichana, anasema mwili huu una mwenyewe, na mwanamume anaambiwa soksi zake akafue. Nilicheka nusura nimeze pini.

Akaniambia baba yake ameiona video hiyo. Hakupaza sauti alipokuwa akinisimulia. Baba alisema wasichana wa namna ile huishia bila mume, wakinuka jasho la maandamano, kisha akazichukua fimbo zake za ngoma akazivunja kwa goti, moja baada ya nyingine. Wao wana neno la tabia hiyo, machismo, wamelizoea kama sisi tulivyozoea malaria. Nikamwambia siku hizi wasomi wa kwetu wanasema mfumo dume, ila bibi yangu angesema ubabe na kutema mate.

"Sitaki yeye anivishe kiatu," binti akasema. "Nataka mama anivishe."

Nikamwuliza kama amemwambia mama yake. Alikuwa amemwambia, na mama alimjibu asimwaibishe baba mbele za watu. Tena hakutakuwa na walsi. Baba alikuwa ametunga wimbo wake mwenyewe wa kucheza na bintiye, anaurekodi kwenye gereji ya rafiki, na unasema kwamba binti huyu ni mali yake mpaka siku atakayempa mwanamume kwa mkono wake mwenyewe. Binti aliyatafsiri maneno hayo akiwa amesimama juu ya kigoda changu, mikono ameinyoosha pembeni kwa sababu ya pini, hawezi hata kujifuta pua.

"Mwambie wewe, mama mdogo. Wewe anakusikiliza."

Nikamwambia mama yake. Sikuzunguka. Tulikuwa kwenye korido tunasukuma toroli la shuka chafu, nikamweleza mtoto anataka nini na kwa nini. Comadre aliendelea kusukuma. Akasema akimvisha yeye, watu watasema hana mume. Nikamwambia kwani unaye. Akazidisha mwendo wa toroli.

"Mtoto akivishwa na mama," akasema tulipofika kwenye lifti, "inamaanisha baba alikufa au hakumtaka. Mimi sitaki watu wamtazame binti yangu wakifikiri hakutakiwa."

Hayo nayajua. Kwetu Bukavu nimewaona kina baba waliotokomea machimboni miaka yote ya ada na homa, hawajui mtoto yuko darasa gani. Siku ya kupokea dot, mahari ya binti, wanatokea wamenyoa ndevu, wanaketishwa kiti cha mbele, mbuzi anachinjwa kwa jina lao. Na kina mama wenyewe ndio wanaowafutia kiti vumbi. Nilichukia hayo nikiwa msichana, na pale mbele ya lifti nikayachukia upya, kwa Kiswidi.

Sherehe ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kukodi karibu na stesheni ya hapa kwetu. Nilipeleka ndizi za kukaanga, na tuliziweka sambamba na zile zao, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Wageni walikuja, wakala, wakapiga picha na binti katika lile gauni langu, na baba hakuwa amefika. Juu ya meza kulikuwa na sahani moja iliyofunikwa foili, nyama nzuri zote zilikuwa humo. Nilipojaribu kuisogeza nipate pa kuweka sinia langu, comadre alinishika mkono. Akasema ni ya baba wa mtoto, isiguswe.

Alipotokea, alitokea kama rais. Ananukia kutoka mlangoni. Akambusu kila mwanamke, akawapiga wanaume mgongoni, akaenda moja kwa moja kwenye spika zake kabla hata ya kumtazama binti. Akaangaliwa na simu zote za ukumbi. Kisha kiti kikasogezwa katikati, binti akaketi, viatu vyeupe vya kisigino vikaletwa juu ya mto mdogo nilioushona kwa vipande vya kitambaa kilichobaki, na yeye akapiga goti akiwa bado ameshika kipaza sauti. Nilisimama nyuma ya mwanamke aliyekuwa akinitafsiria. Kwanza aliwashukuru wageni. Pili aliwashukuru marafiki wa gereji. Mama wa mtoto hakumtaja.

Akanyoosha mkono ashike mguu wa binti. Binti akaurudisha chini ya gauni.

"No," akasema. Akalirudia kwa Kiswidi, asije mtu akajifanya hakuelewa. "Nej."

Yule mwanamume akacheka kwenye kipaza sauti. Akawaambia watu kwamba mnaona, hata hapana yake ni tamu, ameirithi kwa mama yake, mama yake naye alikuwa akisema hivyo hivyo. Ukumbi ukaangua kicheko. Wanaume walicheka, na wanawake, na watoto kwa kuwaona wakubwa wakicheka. Sijawahi kusikia kicheko kilichonitia kinyaa namna ile. Akaingiza mkono chini ya pindo, pindo nililolibana mimi kwa pini, akamshika kifundo cha mguu na kukivuta. Rafiki yake akaufungulia ule wimbo wa gereji. Watu wakaanza kupiga makofi kwa kufuata mdundo, na binti akawa anavuta mguu wake, na baba anauvuta, na kwa mbali ungedhani ni sehemu ya mchezo. Binti hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anamtazama mama.

Comadre alikuwa amesimama karibu na ile sahani ya foili. Nilimwona akijipangusa mikono kwenye kitambaa cha meza, polepole, kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo. Akapita katikati ya watu, akafika kwenye spika, akachomoa waya ukutani.

Makofi yaliendelea kidogo bila muziki, kisha yakaona aibu yakakoma.

"Amesema hapana," akasema. Alisema kwa Kiswidi, lugha ambayo sijawahi kumsikia akiipigia kelele hata msimamizi. "Amesema mara mbili. Sote tumemsikia."

Mumewe akasema kitu kwenye kipaza sauti, lakini kilikuwa kimekufa. Bila kile chombo sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu wa kawaida anayebishana kwenye foleni. Akauliza basi nani atamvisha. Comadre akasema, mimi. Mumewe akakitupa kiatu sakafuni, akasimama, akakung'uta goti la suti yake nyeupe, na akaanza kukunja nyaya zake.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hiki ndicho kinachonitapisha kuliko yeye. Yeye nilimtegemea. Sikuwategemea wale waliomfuata mlangoni kumpa pole. Nusu ya ukumbi ilitoka, mmoja akiwa amebeba sinia la nyama. Mama mmoja wa makamo, ambaye habari za mumewe mwenyewe zinajulikana mpaka Vällingby, alimwendea comadre akamwambia kwamba angevumilia hata mpaka jioni, mwanamume amevunjiwa heshima mbele ya watu wake. Mwingine akauliza nani atawapigia muziki sasa. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwuliza mtoto kama mguu unauma. Niliuangalia mimi. Alama za vidole zilikuwa zimebaki, nyekundu, juu kidogo ya kifundo.

Comadre akaokota kiatu. Akapiga goti, akiwa na aproni bado. Binti akautoa mguu chini ya gauni kabla hajaombwa. Walipoinuka hakukuwa na muziki, spika zilishapakiwa, basi wasichana wa kile kikundi wakageuza vijiko wakapiga meza, na mama na mwana wakacheza hivyo, vibaya kabisa, visigino vinamsumbua mmoja na machozi yanamsumbua mwingine. Nilipiga picha moja tu na imetoka na ukungu.

Jumatatu alifika kazini mapema kuliko mimi. Hakuwa na habari nyingi. Binti alikuwa salama, alikuwa amelala na viatu vile kitandani. Mume hakurudi, yuko Märsta, lakini Jumapili alipiga simu kuuliza kama kuna chakula kilichobaki. Nikamwuliza alimjibu nini. Akasema aliishika simu sikioni mpaka mume akaikata mwenyewe.

Tukaingia chumba cha kwanza. Kilikuwa chumba chake, zamu ya nyimbo zake, lakini akaniambia leo hataki kusikia sauti za wale wanaume. "Weka zako," akasema. "Leo zote ziwe zako."

Nikatumbukiza simu kwenye glasi nikaweka rumba ya zamani, ile ninayoiweka nikitaka kutulia. Santuri yake tulikuwa nayo nyumbani Bukavu, ilikuwa imekwaruzwa mahali na tulizoea mkwaruzo huo kama sehemu ya wimbo. Magitaa yakaanza kuitana. Comadre akasimama mlangoni mwa bafu, ameegemea mop, macho kayafumba. Aliusikiliza mpaka katikati.

"Mzuri sana," akasema. "Unasema nini?"

Sheria ni sheria. Nikaanza kutafsiri, nikitoa maneno ya Kilingala moja moja na kuyaweka kwenye Kiswidi. Mwanamke anamwambia mumewe, usiwe na wasiwasi. Nenda kwa mwenzangu ukitaka. Mimi nipo. Hata ukirudi alfajiri unanukia marashi yake, sitauliza. Chakula chako nimekifunika, kipo mezani.

Sikuwahi kuyasema maneno hayo bila muziki. Nimeyaimba tangu utotoni.

Comadre akafumbua macho. "Lakini anayeimba ni mwanamume."

"Ndiyo."

"Na aliyetunga?"

"Mwanamume pia."

Alinitazama. Hakuwa ananicheka, na hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama nilivyokuwa nikimngojea yeye na foronya mkononi. Nikafungua mdomo kumjibu kwamba ni wimbo tu. Badala yake nikamwona mama yangu, jikoni kwetu Bukavu, anaufuatisha wimbo huu kwa sauti ya chini, anafunika sahani ya baba kwa sahani nyingine, anaisogeza katikati ya meza ili sisi watoto tusiifikie.

Nikaitoa simu kwenye glasi.